Mashamba Yasiyoonekana: Vijimea Vieleaji na Rutuba ya Hori za Mombasa

Utangulizi

Mtu anayeshuka kutoka Ndia Kuu, katika Mji wa Kale wa Mombasa, kuelekea Bandari ya Kale wakati wa asubuhi, hukuta samaki wamekwisha kupangwa. Kuna changu, tafi, mkizi na una. Na penye bahati kuna kamba waliovuliwa ndani ya hori. Muuzaji huisifu mali yake, mnunuzi huomba apunguziwe, na aghalabu wote wawili huafikiana kwamba samaki wa siku hizi si kama wa zamani. Hata hivyo, ni nadra kwa mmoja wao kuuliza: samaki huyu alikula nini hata akafikia kuwa samaki?

Swali hilo likifuatwa hatua kwa hatua, jawabu lake humpeleka mtu mbali. Samaki mkubwa alikula samaki mdogo. Samaki mdogo alikula duvi na viumbe wengine wadogo kuliko duvi. Nao hao walikula vijimea ambavyo jicho tupu haliwezi kuviona. Hapo ndipo mnyororo unapoishia, kwa kuwa vijimea hivyo havili kiumbe. Hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Basi kama kilivyo chakula cha bara, ambacho asili yake ni shamba, chakula cha baharini nacho kina mashamba yake, ila mashamba hayo hayaonekani.

Makala haya yanakusudia kueleza mambo matatu kuhusu mashamba hayo katika hori zinazokizunguka kisiwa cha Mombasa: anuwai ya vijimea vilivyomo, namna vinavyozalisha chakula, na sababu zinazoweza kuifanya rutuba hiyo iwe neema au balaa. Aidha, yatagusia nafasi ya lugha ya Kiswahili katika kuyaeleza haya, kwani elimu isiyokuwa na maneno haimfikii aliye na haja nayo.

Jina na Maana Yake

Neno planktoni lilianzishwa na mwanasayansi wa Kijerumani, Victor Hensen, mwaka 1887. Alilitoa katika Kigiriki, kwa maana ya kinachotangatanga. Alikusudia viumbe wote wanaochukuliwa na maji kokote maji yaendako, wasioweza kushindana na mkondo. Miongoni mwao wamo wanyama wadogo, na vimo vijimea. Vijimea hivi ndivyo wataalamu wanavyoviita fitoplanktoni.

Kiswahili kina njia mbili za kulipokea neno kama hili. Njia ya kwanza ni utohozi, yaani kulichukua neno la kigeni na kulivika sauti za Kiswahili, kama ilivyofanywa hapo juu. Njia ya pili ni kuunda neno kutokana na mizizi iliyopo. Kitenzi kinachofaa ni kuelea. Mtu angeweza kupendekeza vielezi, lakini neno hilo limekwisha kumilikiwa na wanasarufi, na mwanafunzi angechanganyikiwa kati ya bahari na aina za maneno. Lakini kama vile kuogelea kunavyotupatia mwogeleaji, ndivyo kuelea kunavyoweza kutupatia kieleaji. Kwa hivyo, makala haya yanatumia vijimea vieleaji, yakikubali kwamba fitoplanktoni nalo lina watetezi wake.

Ukubwa wa vijimea hivi hupimwa kwa mikromita, na mikromita 1,000 ndizo zinazofanya milimita 1. Vidogo kabisa havifikii hata mikromita 1. Vikubwa hufikia mia kadhaa. Udogo huo usimhadae msomaji. Uzito wa vijimea vieleaji vya bahari zote, ukilinganishwa na uzito wa mimea yote ya dunia, haufikii asilimia 1. Lakini katika chakula chote kinachotengenezwa duniani kwa mwanga wa jua, karibu nusu hutengenezwa na vijimea hivi. Sababu yake ni kwamba mti hutumia miaka kujenga shina, ilhali kijimea kieleaji kinaweza kujigawa na kuwa viwili kwa muda wa siku moja hivi, na mara huliwa. Shamba hili hupandwa na kuvunwa kila uchao.

Kisiwa Baina ya Hori Mbili

Kisiwa cha Mombasa kimekumbatiwa na mikono miwili ya bahari. Upande wa kaskazini na mashariki ipo hori ya Tudor, ambayo mlango wake unapita baina ya Mji wa Kale na Nyali, na ambayo huingia bara kwa takriban kilomita 10. Upande wa kusini na magharibi upo mlango wa Kilindini, ambao huingia hadi Port Reitz. Hori ya Tudor hupokea maji ya mito ya msimu ya Kombeni na Tsalu. Port Reitz hupokea maji ya Mwache na mito mingine inayoteremka kutoka bara. Mito hii haitiririki kwa nguvu mwaka mzima. Inaposhiba kwa mvua, hori huwa mahali pa kukutania maji matamu na maji ya chumvi. Mvua zikikatika, bahari huitawala hori karibu yote.

Kinachoziendesha hori hizi kila siku ni kujaa na kupwa kwa maji. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa muda wa siku moja, na kila siku saa zake husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti baina ya maji kujaa na maji kupwa hupita mita 3. Wakati wa maji mafu tofauti hiyo hupungua hadi karibu mita 1. Maana yake ni kwamba bamvua huosha hori kwa nguvu: hutoa maji ya ndani yenye matope na mabaki ya majani ya mikoko, na kuingiza maji maangavu ya bahari kuu. Maji mafu, kwa upande wake, huyaacha maji ya ndani kabisa yatulie kwa siku kadhaa bila ya kubadilishwa vya kutosha.

Juu ya hayo zipo pepo. Kusi huvuma tangu mwezi wa Aprili hivi hadi Oktoba, na huja na bahari chafu na maji yaliyopoa, yapata nyuzi 25 za Selsiasi. Kaskazi huvuma tangu Novemba hadi Machi. Bahari hutulia, na joto la maji hupanda hadi kukaribia nyuzi 30. Kati ya pepo hizo ndipo zinapoanguka mvua kubwa za mwaka, na baadaye vuli. Kijimea kieleaji hakina mizizi wala makasia, na kwa hivyo maisha yake yote yamo mikononi mwa nguvu hizi: maji, upepo na mvua.

Anuwai ya Vijimea

Tone la maji ya hori likiwekwa chini ya hadubini, hudhihirisha jamii nyingi. Tatu kati ya hizo zafaa zielezwe hapa.

Jamii ya kwanza ni daiatomu. Hizi ni chembe zilizojifungia ndani ya vijumba vya silika, kitu kile kile kinachofanya kioo. Baadhi ni za mviringo, kama Coscinodiscus. Baadhi ni ndefu kama sindano, kama Rhizosolenia. Na nyingine, kama Chaetoceros, hushikana katika minyororo yenye miiba myembamba inayozisaidia zisizame upesi. Daiatomu hupenda maji yanayokorogwa na yenye virutubisho vingi. Mito huziletea silika kutoka kwenye udongo wa bara. Ni chakula bora kwa viumbe wengi wa hori, na ndizo zinazotarajiwa kutamalaki pale ambapo maji ya mto na maji ya bahari huchanganyika.

Jamii ya pili ni dainoflajelata. Hizi zina mijeledi miwili midogo ya kujisogezea, ingawa si kwa nguvu za kuushinda mkondo. Kwa kuwa zinaweza kupanda na kushuka katika maji, hufaulu zaidi pale maji yanapotulia. Miongoni mwao zipo zinazotoa mwanga zikitikiswa. Ndiyo sababu mara nyingine mvuvi wa usiku huona kasia lake likiacha alama inayometameta. Zipo pia, ingawa si nyingi, zinazotengeneza sumu.

Jamii ya tatu ni sianobakteria. Maarufu zaidi katika bahari yetu ni Trichodesmium, ambayo huonekana zaidi wakati wa kaskazi. Hukusanyika juu ya maji yaliyotulia mfano wa unga wa mbao uliomwagwa na seremala. Sifa yake kubwa ni kwamba inaweza kuichukua nitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa mbolea. Kwa hiyo, hustawi hata katika maji ya bahari kuu ambayo ni maskini wa virutubisho.

Anuwai, hata hivyo, haimaanishi idadi ya aina pekee. Tuchukue mfano wa makapu mawili sokoni. Kila kapu lina samaki 100 wa aina 5. Katika kapu la kwanza kuna samaki 20 wa kila aina. Katika kapu la pili, 96 ni wa aina moja, na kila moja ya aina nne zilizobaki ina samaki mmoja tu. Idadi ya aina ni ile ile, lakini hakuna atakayesema makapu hayo yanalingana kwa anuwai. Wanasayansi huitia hesabuni tofauti hiyo kwa kanuni iliyotokana na kazi ya Claude Shannon ya mwaka 1948, ambaye yeye mwenyewe alikuwa akichunguza mawasiliano, si bahari. Maji yenye afya aghalabu hufanana na kapu la kwanza. Maji yaliyoelemewa na uchafu aghalabu hufanana na la pili: aina moja au mbili zinazostahimili uchafu hushamiri, na nyingine hutoweka.

Uzalishaji na Namna ya Kuupima

Vijimea vieleaji hutengeneza chakula kwa usanisinuru, kama ifanyavyo mihogo na minazi. Huchukua kaboni dioksidi na maji, na kwa nguvu ya mwanga hutengeneza sukari na kutoa oksijeni. Zaidi ya hayo huhitaji nitrojeni, fosforasi na, kwa daiatomu, silika. Hapa ndipo ulipo mvutano mkuu wa hori. Virutubisho viko kwa wingi ndani kabisa, karibu na midomo ya mito na mikoko; lakini huko huko ndiko kwenye matope yanayozuia mwanga. Mwanga uko kwa wingi mlangoni mwa hori, kwenye maji maangavu. Lakini huko virutubisho ni haba. Kijimea hustawi zaidi pale mambo hayo mawili yanapopatana.

Mwangaza wa maji hupimwa kwa chombo chepesi mno: kisahani cheupe kinachoteremshwa kwa kamba hadi kipotee machoni. Mbinu hii ilijaribiwa na padri wa Kiitalia, Angelo Secchi, mwaka 1865, na ingali inatumika. Wingi wa vijimea hukadiriwa kwa kupima klorofili, yaani ile rangi ya kijani iliyomo ndani yake. Uzalishaji wenyewe unaweza kupimwa kwa chupa mbili, kwa njia iliyoelezwa na Gaarder na Gran mwaka 1927. Chupa moja ni nyeupe na nyingine imefunikwa isipitishe mwanga. Zote hujazwa maji yale yale na kuning'inizwa majini kwa saa kadhaa. Katika chupa nyeupe vijimea hutoa oksijeni, na wakati huo huo viumbe vyote vilivyomo huitumia kwa kupumua. Katika chupa ya giza kuna kupumua tu. Tofauti ya oksijeni baina ya chupa hizo mbili ndiyo inayoonyesha kiasi kilichozalishwa.

Mombasa ina nafasi ya pekee katika uchunguzi wa aina hii. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, iliyoundwa mwaka 1979, ina makao yake makuu Mkomani, ng'ambo ya Mji wa Kale. Baina ya wanaopima maji na wanaovua ndani yake kuna mlango mmoja tu wa hori.

Misimu na Chakula cha Hori

Mvua za mwaka zinapoanguka, mito hubeba udongo na virutubisho hadi ndani ya hori. Mwanzoni maji huwa mekundu kwa tope, na mwanga haupiti. Tope linapoanza kutuama, virutubisho vikiwa bado vimo, vijimea huzaliana kwa wingi. Viumbe wadogo wanaovila nao huongezeka baadaye, na samaki wachanga hupata riziki. Hori huwa malezi, hasa kwa kamba na samaki wengi ambao hukulia ndani na kutoka nje wakisha komaa.

Mikoko ina sehemu yake katika kazi hii. Majani yake huanguka, huoza na kurejesha virutubisho majini; mizizi yake hupunguza kasi ya maji na kulishika tope, na hivyo husaidia mwanga uwafikie walio nje. Mikoko ikikatwa, hasara haiishii kwenye nguzo na kuni. Sehemu kubwa ya mikoko ya hori ya Tudor ilipotea baina ya miaka ya 1992 na 2009. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 nazo zilishusha udongo mwingi uliofukia mizizi na kuua mikoko katika eneo la Mwache.

Umuhimu wa hori huonekana zaidi wakati wa kusi. Bahari kuu inapochafuka, mwenye mtumbwi hawezi kuvuka mwamba. Hubakia kutegemea maji ya ndani. Kwa mvuvi huyo, rutuba ya hori si mada ya kitaaluma. Ni chungu cha jioni.

Rutuba Inapozidi Kiasi

Waswahili husema mtaka yote hukosa yote. Vijimea vieleaji navyo hupatwa na jambo linalokaribia hilo. Virutubisho vichache hulisha, vikizidi, huua. Majitaka ya mjini yana nitrojeni na fosforasi nyingi. Si nyumba zote za kisiwa na za kingo za hori zilizounganishwa na mitambo ya kusafisha maji, na sehemu ya majitaka huishia horini yakiwa mabichi. Vijimea vinapopata mbolea hiyo hufumuka. Vinapokufa kwa wingi huzama na kuoza, na kuoza huko hutumia oksijeni ya majini. Usiku, ambapo hakuna usanisinuru, oksijeni hupungua zaidi. Samaki wenye uwezo hukimbia. Wasio na uwezo hufa. Hatari hiyo ni kubwa zaidi ndani kabisa ya hori na wakati wa maji mafu, kwa kuwa huko ndiko maji yanakokawia kubadilishwa.

Makupa ni mfano wa kutosha. Kwa miongo mingi, barabara iliyojengwa juu ya kifusi iliziba njia ya maji baina ya pande mbili za kisiwa, na kando yake palikuwa na jaa la Kibarani. Mwaka 1988, mafuta mengi yalimwagika na kuua mikoko ya hapo. Mwaka 2022 daraja jipya la Makupa lilifunguliwa ili maji yapite tena chini yake. Manufaa ya daraja hilo kwa magari yanaonekana na kila mtu. Manufaa yake kwa maji yanahitaji hadubini na subira.

Upo pia mfumko wa vijimea vyenye sumu. Mwanzoni mwa mwaka 2002, samaki wengi walikufa katika pwani ya Kiunga, kaskazini mwa Kenya, na katika pwani ya Somalia, na wachunguzi walilihusisha tukio hilo na mfumko wa namna hii. Bandari kubwa kama Kilindini ina hatari moja zaidi. Meli hubeba maji ya bahari ili zisipepesuke, na maji hayo huweza kuwa na vijimea vya bandari za mbali. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti maji hayo ulipitishwa mwaka 2004 na kuanza kutumika mwaka 2017.

Lugha na Elimu ya Maji

Wenyeji wa pwani hawakungojea maabara ili waijue bahari yao. Maneno kama bamvua, maji mafu, matlai, maleleji, tanga mbili na demani ni ushahidi wa watu waliohesabu mwezi na upepo kwa vizazi vingi. Mwanasayansi anayepima klorofili kwa kufuata bamvua na maji mafu anatembea katika njia ambayo lugha ya Kiswahili ilikwisha kuipigia mstari.

Kinachokosekana ni daraja la kurudi. Takriban ripoti zote kuhusu hori za Mombasa zimeandikwa kwa Kiingereza. Mvuvi anayeona maji yamegeuka rangi hana pa kusoma kwa lugha yake iwapo rangi hiyo ni tope, ni Trichodesmium isiyomdhuru, au ni mfumko unaompasa kuacha kula chaza kwa muda. Si kweli kwamba lugha haiwezi. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Katika Ibara ya 42 imempa kila mtu haki ya mazingira safi. Na katika Ibara ya 69 imeitaka serikali ihimize ushiriki wa umma katika kuyahifadhi. Mtu hawezi kushiriki katika jambo asiloelezwa kwa lugha anayoifahamu.

Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba samaki wa Mji wa Kale ana asili yake katika vijimea visivyoonekana. Kwamba vijimea hivyo ni vya jamii nyingi, na wingi huo wa jamii ni dalili ya afya. Na kwamba uzalishaji wake hutegemea mapatano baina ya mwanga na virutubisho, ambayo mikoko huyalinda na majitaka huyavuruga. Aidha, yamedokeza kwamba maneno ya kuyaeleza haya yapo, na yasiyokuwapo yanaweza kuundwa.

Ni wajibu wa wanafunzi wa Kiswahili kukaa pamoja na wenzao wa sayansi za bahari, na kukaa pia na wazee wa pwani wanaoyajua majina ya maji na pepo, kabla majina hayo hayajazama. Maji yakijaa hupwa, na yakipwa hujaa. Lakini rutuba ya hori haina ahadi ya namna hiyo. Ikipotea, hairudi kwa kungojea mwezi uandame.